Sauti nzuri kwenye gari lako bila kuvunja kibubu: anzia mlangoni, si kwenye skrini

Gari lililotumika likishushwa Mombasa kutoka Japani, kila kitu chake hukubali kuwa cha Kenya isipokuwa redio. Maandishi yake ni ya Kijapani, na FM yake mara nyingi huishia megahezi 90, kwa sababu kule bendi ilianzia 76 na kwa miaka mingi ikaishia hapo. Stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Mwenye gari akifika Malindi huitafuta Pwani FM akapata mvumo mtupu. Wiki hiyo hiyo anaingia dukani, anatoka na skrini kubwa ya Android. Ikishafungwa, taa ni nyingi, picha inapendeza, na sauti ni ile ile ya jana: nyembamba, ya bati, inayopasuka ukiipandisha kidogo.

Nimeyaona haya kwa jirani, kwa shemeji, na kwa madereva wa teksi ninaowafahamu, na kila mara huniuma kwa sababu pesa ile ile ingetosha kuleta muziki wa kweli. Skrini haitoi sauti. Sauti hutolewa na spika, na spika hutegemea mlango ilimofungwa. Kama pesa ni kidogo, zianzie huko.

Mimi naendesha Toyota Fielder, na mara mbili kwa mwezi naitoa Malindi hadi Mokowe kupitia Garsen na Witu. Niliifanyia kazi hii mwenyewe barazani kwangu, kwa siku mbili, na shilingi 18,000. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo tazama zaidi mgawanyo kuliko takwimu: karibu 7,000 zilikwenda kwa spika za mbele, 3,000 kwa milango yenyewe, 6,500 kwa redio ya kawaida isiyo na skrini, na zilizobaki kwa nyaya, viunganishi na vitu vidogo vidogo.

Kwanza sikiliza

Kabla ya kununua chochote, kaa garini dakika kumi, injini imezimwa, madirisha yamefungwa. Rudisha besi na trebo kwenye sifuri. Halafu cheza nyimbo unazozijua vizuri. Mimi hutumia taarabu ya zamani yenye fidla na ganuni, ngoma ya mwanzele, na kisomo cha Kurani cha msomaji mmoja bila mwangwi. Fidla hukuonyesha kama sauti za juu zinakwaruza, ngoma hukuonyesha besi, na sauti ya mtu haidanganyi kabisa: sikio lako linajua mtu anavyosikika, na kasoro ndogo tu utaikamata.

Peleka sauti mbele peke yake, kisha nyuma, kisha kushoto, kisha kulia. Pengine utagundua spika moja imekufa na hukuwahi kujua. Bandika kiganja kwenye mlango huku ngoma ikilia. Ukihisi plastiki inatetemeka kama ungo, umepata sehemu kubwa ya tatizo.

Angalia pia wimbo wenyewe. Wimbo uliorushwa WhatsApp kutoka simu hadi simu, au uliotolewa kwenye video na programu ya bure, mara nyingi umebanwa hadi fidla imekuwa mluzi. Weka kwenye flashi nyimbo chache za kilobiti 320 kwa sekunde ulinganishe. Na kama unatumia kile kifaa kinachochomekwa kwenye kiberiti cha gari na kurusha muziki kwa FM, jua kwamba kwenye redio ya Kijapani kina upenyo mdogo tu, kati ya 87.5 na 90, na kelele za hewani huingia njiani. Angalia nyuma ya redio yako kama kuna tundu la AUX. Magari kadhaa huja nalo na wenyewe hawajui. Kipanuzi cha bendi, kile kifaa kidogo kinachofungwa kati ya antena na redio, nacho husaidia kupata stesheni, lakini hupunguza usafi wake, na namba unayoiona kwenye redio si ile ya stesheni.

Kununua spika

Toyota nyingi za Japani huwa na tundu la inchi 6 na nusu, yaani kama sentimita 16, kwenye milango ya mbele. Usibahatishe. Fungua mlango mmoja upime upana wa tundu, na kina chake huku kioo kikiwa kimeteremshwa hadi chini kabisa. Kina hicho ndicho watu husahau. Spika yenye sumaku nene hukaa vizuri sana mpaka siku unapoteremsha kioo kikagonga.

Dukani utaona boksi limeandikwa wati 500, pengine hata 1,000. Puuza. Tafuta maandishi madogo ya RMS, ambayo ni wati za kudumu, na tafuta desibeli za usikivu. Redio iliyoandikwa "50W x 4" kwa kweli hutoa kati ya wati 14 na 22 kwa kila spika kwa mfululizo, kwa hiyo spika ya wati 40 hadi 60 za RMS inatosha. Usikivu ndio unaookoa pesa. Spika ya desibeli 90 hutoa kwa wati 10 sauti ambayo ile ya desibeli 87 huhitaji wati 20 kuifikia, kwa sababu kila desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu maradufu. Asiye na ampilifaya anunue spika yenye usikivu wa juu, yenye ukinzani wa omu 4.

Aina ziko mbili. Ipo yenye twita, yaani spika ndogo ya sauti za juu, iliyofungwa katikati ya koni, na ipo ambayo twita hutengwa ikafungwa juu karibu na kioo. Ya pili hupandisha muziki usoni pako, lakini kwa bajeti hii ya kwanza inatosha, hasa kama gari lako tayari lina twita za kiwandani kwenye dashibodi. Ziache zifanye kazi.

Spika za mitumba zilizotoka kwenye magari ya Japani zinaweza kuwa bora kuliko mpya za bei hiyo hiyo, lakini zikague. Bonyeza ukingo wa koni kwa kidole: povu likimeguka, iache. Isukume koni taratibu kwa vidole viwili pande zote. Ukisikia mkwaruzo, koili imepinda. Pima kwa mita ya umeme: spika nzima ya omu 4 husoma takriban 3.2 hadi 3.8. Majina makubwa huigwa sana, kwa hiyo amini uzito wa sumaku na vipimo vyako kuliko kibandiko.

Za nyuma usinunue. Unaendesha ukitazama mbele, na jozi moja nzuri mbele ina faida kuliko jozi mbili dhaifu.

Kufungua mlango

Zima gari, toa ufunguo, chomoa waya hasi wa betri, na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote. Ni kwa ajili ya mifuko ya hewa, ambayo hubaki na chaji. Plagi yoyote ya manjano utakayokutana nayo ni ya mifuko hiyo. Usiichomoe wala usiipime kwa mita. Jambo moja zaidi: baadhi ya redio za Kijapani zenye ramani hujifunga zikikosa umeme na kudai kadi au namba ya siri. Kama unataka kuibakiza ya zamani, hakikisha unayo kabla ya kuchomoa betri.

Skrubu hujificha nyuma ya mshikio na chini ya kifuniko cha swichi za vioo. Ukishazitoa zote, ingiza kipande cha plastiki bapa chini ya mlango na uvute klipsi moja moja. Jua la kwetu hukausha klipsi zikawa kama biskuti, kwa hiyo nunua kumi za akiba kabla ya kuanza. Fundi mmoja aliwahi kunirudishia gari likiwa na klipsi nne tu mlangoni. Nilisikia mlio kila shimo la barabara mpaka nilipofungua mwenyewe.

Nyuma ya plastiki utakuta karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Watu huichana na kuitupa. Hapana! Maji ya mvua hupita kando ya kioo na kuingia ndani ya mlango, kisha hutokea kwenye vitundu vya chini. Nailoni hiyo ndiyo inayozuia maji yasifike kwenye spika na kwenye kapeti. Masika ya Aprili na Mei yakikukuta bila hiyo, utaijua thamani yake. Ibandue polepole, iweke kivulini, utairudisha.

Spika za Toyota hufungwa kwa ribiti, si skrubu. Zitoboe kwa drili ya milimita 5 au 6 huku umeweka kitambaa chini kunasa vumbi la chuma, kwa maana sumaku hulivuta. Spika ya kiwandani na fremu yake ya plastiki ni kitu kimoja. Ikate koni, ibakize fremu: umepata pete ya kufungia spika mpya bila kulipa senti.

Kama fremu imevunjika, chonga pete ya mbao. Hapa pwani tuna bahati, kwa sababu mafundi wa boti wa Malindi na Lamu wana vipande vya plaiwudi ya baharini wanavyovitupa. Omba kipande cha milimita 12 au 18, kikate, kipake rangi ya boti pande zote mpaka ndani ya tundu la skrubu. Mbao za unga uliogandishwa, zile za makabati ya jikoni, usizitumie. Zinakunywa unyevu, zinavimba, na skrubu zinang'oka.

Mlango ndio boksi la spika

Hapa ndipo palipo na tofauti yote, na ndipo ambapo karibu kila fundi wa barabarani huboronga.

Koni ya spika husukuma hewa mbele, na papo hapo huvuta hewa nyuma. Mawimbi ya mbele na ya nyuma yakikutana, yanafutana, na besi ndiyo inayopotea kwanza. Mlango wa kiwandani una matundu makubwa ambayo fundi wa kiwanda hupitishia mikono. Kupitia matundu hayo, sauti ya nyuma ya spika huzunguka na kuila ya mbele. Ukiyaziba, mlango unakuwa boksi, na ile besi uliyodhani inahitaji sabufa inajitokeza yenyewe. Mimi niliziba mlango wa kushoto kwanza, nikauacha wa kulia kama ulivyo, nikacheza mwanzele. Mwanangu aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma akauliza, "Baba, kwani ngoma iko upande huo tu?"

Anza kwa kusafisha. Futa vumbi na mafuta ndani ya bati kwa kitambaa na spiriti, na ukikuta kutu ipige msasa na uipake rangi. Kisha bandika mikeka ya butili, yaani mpira unaonata, yenye karatasi ya alumini kwenye bati la nje, lile unaloligusa ukiwa umesimama barabarani, hasa sehemu iliyo nyuma ya spika. Huna haja ya kufunika bati zima. Robo yake, katikati ya kila eneo pana, inatosha kuua mtetemo. Kandamiza kwa rola ndogo au kwa chupa ya soda mpaka michoro ya alumini ilale. Gonga kwa kifundo cha kidole kabla na baada: mlio wa debe ugeuke kuwa mlio wa mlango wa mbao.

Usishawishike na lami ya kuzibia paa. Ni rahisi, lakini gari lililoegeshwa juani hapa hugeuka tanuri, na lami hulainika, hunuka, hutiririka mpaka kwenye kioo. Butili huvumilia.

Matundu makubwa yazibe kwa bati jembamba la alumini au plastiki ngumu, ulizungushie butili kingo zote. Mashine ya kioo na komeo la mlango ziachie nafasi ya kucheza, na tundu utakalolihitaji kwa matengenezo lizibe kwa kitu kinachofunguka. Vitundu vya chini vya kutoa maji usiviguse kamwe. Ukivifunga, mlango utajaa maji na kuoza kutoka ndani, na chumvi yetu haihitaji miaka mingi kumaliza kazi hiyo.

Weka pia ukanda wa sponji kuzunguka spika, unene wake ufike kwenye matundu ya plastiki ya mlango, ili sauti itoke garini isipotelee nyuma ya plastiki. Sponji ya godoro iliyofungwa kwa gundi inafaa. Rudisha nailoni, rudisha klipsi zote.

Nyaya, chumvi, na kanuni ya chanya na hasi

Kwa nguvu ya redio peke yake, nyaya za spika za kiwandani zinatosha. Usilipie mpya. Kama lazima ubadilishe, tumia waya laini wa milimita 1.5 za mraba wenye nyuzi nyingi nyembamba. Waya mgumu wa nyumba hukatika kwenye bawaba kwa sababu mlango hufunguka na kufungwa mara nyingi kila siku.

Kusokota nyaya na kuzungushia tepu ni kazi ya mwezi mmoja. Joto huyeyusha gundi ya tepu, hewa ya bahari inaingia, na shaba inageuka kijani. Mtu anayeegesha Silversands au Mambrui anajua asubuhi kioo kinavyokuwa na utando wa chumvi. Chumvi hiyo hiyo iko ndani ya mlango. Tumia viunganishi vya kubana kwa plaisi, uvifunike kwa mrija wa plastiki unaosinyaa ukipashwa moto, na kwenye plagi paka vaselini kidogo kwa nje.

Sasa chanya na hasi. Spika moja ikifungwa kinyume, moja inasukuma hewa wakati nyenzake inavuta, na besi inapotea kabisa huku uimbaji ukisikika kana kwamba hauna mahali. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha nyaya mbili kwa sekunde moja. Koni ikitoka nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Weka alama. Fanya hivyo kwa kila spika kabla ya kufunga plastiki, maana kurudi baadaye ni kazi mara mbili.

Redio

Tundu la Toyota la Kijapani lina upana wa milimita 200, lakini redio nyingi za kawaida zina takriban 180. Nunua iliyotengenezwa kwa 200 au chukua na vipande vya kujazia pembeni. Cha kutazama ni bluetuthi, tundu la flashi, FM ya 87.5 hadi 108, kichujio cha kuzuia sauti za chini zisifike kwenye spika, na ekolaiza ya bendi kadhaa. Redio rahisi ya jina linaloaminika isiyo na skrini mara nyingi hutoa sauti safi kuliko skrini ya bei hiyo hiyo.

Nunua pia kiunganishi cha plagi ya Toyota, ili usikate nyaya za gari. Rangi za redio mpya nyingi ni hizi: manjano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni umeme wa ufunguo, nyeusi ni gimba, yaani hasi inayofungwa kwenye bati la gari. Spika ya mbele kushoto ni nyeupe, mbele kulia ni kijivu, nyuma kushoto ni kijani, nyuma kulia ni zambarau, na yenye mstari mweusi ndiyo hasi. Rangi za upande wa gari hazifanani na hizi, kwa hiyo kama hukununua kiunganishi, pima kila waya kwa mita. Hasi ya spika isiguse bati la gari hata mara moja. Redio inaweza kuungua papo hapo.

Kuna njia ya mkato ambayo nakusihi uikatae. Baadhi ya mafundi huunganisha nyekundu na manjano pamoja ili redio ilie bila ufunguo. Ndugu zetu wa Lamu huacha magari Mokowe na kuvuka kwa boti, maana vichochoro vya mji ule ni vya punda na miguu, na gari linaweza kukaa siku tano bila mwenyewe. Redio iliyofungwa hivyo ikivuta ampea 0.3 tu, kwa siku ni ampea-saa 7.2, na kwa siku tano ni 36. Betri ndogo ya ampea-saa 35 itakuwa imekufa kwenye maegesho kabla hujarudi. Ukimaliza kazi, pima umeme unaovutwa gari likiwa limezimwa, milango imefungwa, na limeachwa nusu saa. Chini ya miliampea 50 ni salama.

Kuipatanisha

Usiguse besi kwanza. Weka kichujio hezi 80 ili spika ndogo zisilazimishwe kubeba mdundo usio wao. Zitalia kwa sauti zaidi na safi zaidi. Ekolaiza ipunguze kuliko kuiongeza: sauti ikikwaruza masikioni, shusha kidogo karibu na kilohezi 3. Peleka mizani mbele. Sisi tunakaa kulia, kwa hiyo sogeza sauti kidogo kushoto mpaka mwimbaji asimame katikati ya dashibodi. Redio yenye kuchelewesha sauti itakufaa zaidi: spika iliyo karibu yako kwa sentimita 30 icheleweshe kama milisekunde 0.9.

Ampilifaya ndogo ya njia nne iache kwa awamu ya pili, ukishaishi na gari miezi michache. Ukifika hapo, waya wake utoke moja kwa moja kwenye betri, shaba halisi ya milimita 10 za mraba, na fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, si kwenye ampilifaya. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba. Ukwangue kwa kisu, ukiona weupe ndani, urudishe. Nyaya za muziki zipitishe upande mmoja wa gari na wa umeme upande mwingine. Ukisikia mluzi unaopanda na injini, angalia gimba kwanza: kwangua rangi mpaka bati ling'ae, kaza boliti, upake vaselini juu yake.

Baada ya wiki mbili za barabara ya Garsen, fungua tena mlango mmoja na ukaze skrubu za spika. Zangu mbili zilikuwa zimelegea.